UZI: Mstari wa Machi 2012, mafuta ya Machi 2012, na sisi wa Turkana Kusini

Kila uchaguzi ukikaribia kuna ramani inazungushwa huku mtandaoni. Kenya nzima imepakwa rangi, kila kaunti rangi ya aliyeongoza kura za urais, halafu mtu anaandika juu yake: "Hesabu ni hizi, mengine ni kelele." Turkana yetu pale juu inaonekana kama bara zima. Watu wa huku wanaisambaza kwa furaha kweli kweli, manake kwa mara moja tumekuwa wakubwa.

Naandika kama mtu wa Katilu. Kwa wasioijua, ukitoka Kitale kwenda Lodwar, sisi tuko kati ya Kainuk na Lokichar, kando ya Mto Turkwel. Nitaeleza hiyo ramani inaficha nini, halafu nitafika kwenye mstari ambao kwa maoni yangu ndio unaofaa kutukosesha usingizi, na hauna rangi yoyote. Sitataja chama wala mwanasiasa. Mkitaka hizo, nyuzi ziko nyingi.

Haya. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, karibu asilimia 12 ya ardhi ya Kenya. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 926,976 kati ya Wakenya 47,564,296. Hiyo ni kama asilimia 2. Sasa tazama daftari la wapigakura la 2022: nchi nzima walikuwa 22,120,458, na Turkana tulikuwa zaidi kidogo ya 238,000. Hiyo ni asilimia 1 na nukta tu.

Rudia hapo polepole. Ardhi asilimia 12, watu asilimia 2, wapigakura asilimia 1. Ramani ya rangi inaonyesha ile ya kwanza. Rais anapatikana kwa ile ya tatu.

Na wabunge? Wanagawanywa kwa ile ya katikati. Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, inasema kigezo ni idadi ya wakaazi ukigawanya kwa maeneobunge yote. Wakaazi, si wapigakura. Mtoto wa miaka 3 anahesabika, mama mzee asiye na kitambulisho anahesabika. Ndiyo maana Turkana ina wabunge 6 kati ya 290, ambayo pia ni asilimia 2. Kwa hiyo Bungeni uzito wetu ni karibu mara mbili ya uzito wetu kwenye kura za urais. Ile nusu inayopotea iko kwa watoto wetu wengi na kwa watu wazima wasio na vitambulisho wala kadi. Ya watoto itajirekebisha wakikua, lakini ya vitambulisho haitajirekebisha yenyewe, na wanaokuja na helikopta kutuambia sisi ni ngome yao hawaitaji kamwe.

(Kuna sehemu moja ambapo kaunti kama kaunti ina nguvu kwenye urais. Ili mtu ashinde raundi ya kwanza lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Hapo Nairobi ni moja, Lamu ni moja, Turkana ni moja. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya helikopta kutua Lodwar.)

Tuje kwenye mipaka yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mjadala huharibika. Mtu anasema "tumenyimwa eneobunge", mwingine anajibu "mlipewa tatu za bure". Tuangalie historia kidogo.

Mistari ya kutuzunguka haijawahi kuwa kazi yetu. Hadi 1926 sehemu kubwa ya Turkana ilikuwa chini ya Uganda, kwenye kilichoitwa Mkoa wa Rudolf, ndipo ikahamishiwa Kenya. Chini ya ukoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu wa nje hakuingia bila kibali. Baada ya uhuru idadi ya maeneobunge Kenya iliongezwa kila baada ya muda: 117 mwaka 1963, 158 mwaka 1966, 188 kwa uchaguzi wa 1988, 210 kwa uchaguzi wa 1997. Mpaka uchaguzi wa 2007 Turkana ilikuwa na matatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Hebu fikiria mbunge mmoja anayetakiwa kufika Kapedo na Katilu pia, barabara zenyewe mnazijua.

Halafu ikaja sensa ya Agosti 2009. Matokeo yakasomwa mwaka mmoja baadaye, Agosti 2010, na hapo Waziri wa Mipango akatangaza kwamba hesabu za wilaya 8 zimefutwa. Tatu kati ya hizo zilikuwa Turkana Kaskazini, Turkana ya Kati na Turkana Kusini, yaani Turkana yote. Nyingine zilikuwa za kule Mandera, Wajir na Lagdera. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu wameongezeka kupita kiasi ambacho kuzaliwa na kufa vinaweza kueleza. Kweli idadi ilikuwa imeruka: mwaka 1999 tulikuwa 450,860, mwaka 2009 tukawa 855,399.

Mimi nina maoni yangu hapa. Mtu akiniambia idadi hiyo ina maswali, sitamrukia, kwa sababu maswali yapo. Lakini ile ya 1999 nayo ina maswali yake, na hakuna waziri aliyesimama kuifuta. Kuhesabu wafugaji wanaohama ni kazi ngumu sana. Ukikosea kwa kupunguza, hakuna anayelalamika Nairobi. Ukikosea kwa kuongeza, inakuwa habari ya taifa.

Kurudia sensa hakukufanyika. Na tume ya uchaguzi na mipaka ilipokaa kugawa maeneobunge 290, hesabu iliyotumika kwetu ni ile ile ya 855,399. Wakenya wote 38,610,097 ukigawanya kwa 290 unapata 133,138. Hicho ndicho kigezo cha wakati ule. Turkana ukiigawa kwa kigezo unapata 6 na ushee. Tukapewa 6. Si zawadi, si wizi. Ni kugawanya tu.

Tangazo rasmi la serikali lilitoka tarehe 6 Machi 2012. Hivi ndivyo watu walivyopangwa: Turkana Magharibi 245,327. Turkana Kusini 135,913. Turkana ya Kati 134,674. Turkana Kaskazini 129,087. Loima 119,932. Turkana Mashariki 90,466. Jumlisha mwenyewe, utapata 855,399.

Ukitaka kuona dosari usiangalie jumla, angalia tofauti. Katiba inaruhusu eneobunge la mjini au lenye watu waliotawanyika lizidi au lipungue kigezo kwa asilimia 40, na mengine kwa asilimia 30. Asilimia 40 juu ya 133,138 ni kama 186,400. Turkana Magharibi ilikuwa 245,327, imepita kikomo waziwazi. Kwa hesabu hiyo mkaazi mmoja wa Lokori alikuwa na uzito wa wakaazi karibu 3 wa Kakuma.

Hapa lazima niseme kuhusu wakimbizi, kwa sababu najua mnaandika tayari. Turkana Magharibi ndiko iliko kambi ya Kakuma tangu 1992, na baadaye makazi ya Kalobeyei. Sensa ya Kenya huhesabu kila aliyelala ndani ya nchi usiku wa sensa. Katiba nayo inasema wakaazi. Mkimbizi hapigi kura, lakini hilo neno "wakaazi" halimtoi mtu kwa sababu hiyo, kama lisivyomtoa mtoto. Ukitaka kubishana, bishana na neno hilo. Usimrushie maneno mama anayeuza mboga kambini.

Na kabla hatujajionea huruma sana: Lamu Mashariki mwaka huo huo ilikuwa na watu 18,841 na ikabaki na mbunge wake. Turkana Magharibi ilikuwa mara 13 yake. Hii ni kwa sababu Katiba ilisema katika mapitio yale ya kwanza hakuna eneobunge lililokuwepo litakalopotea hata kama halifikishi idadi. Yaliyookolewa hivyo yalikuwa 27. Kinga hiyo iliandikwa kwa mapitio ya kwanza peke yake, na ndiyo maana wengi huko kwingine hawana haraka kabisa na mapitio ya pili.

Sasa shuka mpaka kwetu.

Turkana Kusini ilipewa wadi 5: Kaputir, Katilu, Lobokat, Kalapata na Lokichar. Turkana Mashariki, iliyomegwa kutoka kwetu, ikapewa wadi 3: Kapedo/Napeitom, Katilia na Lokori/Kochodin. (Tafadhali wachora ramani: Katilu na Katilia si sehemu moja. Moja iko Kusini kwa mto Turkwel, nyingine iko Mashariki. Nimeona ramani za matokeo ambazo kura za Katilia zimewekwa Katilu, na mtu akazitumia kutuambia sisi tumebadilisha msimamo.)

Tarehe 6 Machi 2012 hiyo mistari ilipotangazwa, kati ya Lokichar na Lokori kulikuwa na nini? Malisho, visima vya maji, na mambo ya usalama. Watu walikuwa wamebishana juu ya umbali, koo na barabara, ndivyo Katiba inavyotaka: sura ya ardhi, mshikamano wa jamii, historia, mawasiliano. Siku 20 baadaye, tarehe 26 Machi 2012, ikatangazwa kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1.

Siku 20 tu.

Ngamia-1 iko pande za Nakukulas, wadi ya Lokori/Kochodin, Turkana Mashariki. Kambi kubwa ya kazi na uwanja wa ndege wa Kapese viko Lokichar, Turkana Kusini. Magazeti yote yaliandika "mafuta ya Lokichar". Kwa mfugaji yote yalikuwa malisho mamoja. Kwa karatasi yalikuwa maeneobunge mawili, yenye umri wa siku 20.

Mwanzoni watu waliona tofauti kwenye kazi. Nani aandikwe udereva, nani alinde, nani apewe tenda ya magari. Oktoba 2013 maandamano yalifika mpaka kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda. Lakini jambo zito zaidi lilikuja na Sheria ya Petroli ya 2019. Sheria hiyo inagawa sehemu ya serikali hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti, asilimia 5 kwa jamii ya mahali. Na jamii ya mahali ni nani? Sheria inasema ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa na wanaoathiriwa na uchimbaji huo.

Kaunti ndogo. Mnaona neno lilipojificha? Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kaunti ndogo ni sawa na maeneobunge yaliyowekwa chini ya Kifungu cha 89. Kwa hiyo mstari uliochorwa kwa ajili ya kuchagua mbunge, kwa hesabu ya watu iliyokuwa imefutwa na waziri, kabla mtu yeyote hajatangaziwa mafuta, sasa ndio unaoamua nani ni "jamii ya mahali".

Mchukue mkulima wa hapa Katilu. Mradi wetu wa unyunyiziaji ulianza baada ya ile njaa ya 1960 na 1961, watu waliopoteza mifugo wakafundishwa kulima, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likasaidia. Maji ni ya Turkwel. Mto huo ulishazuiliwa juu kwa bwawa la umeme wa megawati 106, lililokamilika 1991, na mpaka leo Turkana na Pokot Magharibi wanavutana bwawa liko kwa nani. Ili mafuta yatoke ardhini yanahitaji maji mengi ya kusukumia, na mpango uliowekwa mezani ni kuyavuta kwa bomba kutoka bwawa hilo la Turkwel.

Maji yatoke kwenye mto wetu, na visima kama Ngamia-1 viko upande wa pili wa mstari. Je, mkulima wa Katilu ni jamii ya mahali? Ukisoma sheria, kwa visima vilivyo Mashariki si yeye, kwa sababu kaunti ndogo yake ni nyingine. Kwa visima vilivyo Kusini anaweza kuwa, akithibitisha kwamba anaathiriwa. Na mchungaji wa Kochodin, ambaye malisho yake yamewekewa uzio, akihamia Kalapata kiangazi, anabaki kuwa nani? Sheria haimfuati akitembea.

Sisemi wa Mashariki wanyimwe. Vumbi ni lao, visima viko kwao, wapewe. Ninachosema ni kwamba mjadala wa mafuta tunaoufanya huku, wa "kaunti yetu dhidi ya Nairobi", unaruka mahali ambapo ugomvi utakuwa mbaya zaidi, yaani sisi kwa sisi, Kusini na Mashariki, watu wanaooana na kuchunga pamoja. Tullow ilishauza sehemu yake kwa Gulf Energy mwaka 2025, kwa hiyo mazungumzo ya kuchimba yamefufuka.

Mtu atauliza: basi si mipaka ipitiwe upya? Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Kuanzia Machi 2012, miaka 12 iliisha Machi 2024. Wakati huo tume haikuwa na hata kamishna mmoja. Viti vilikuwa vitupu tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Tarehe ya Katiba ikapita ofisi ikiwa na makarani tu.

Na hata ikipitiwa, msidanganywe kwa hesabu. Nimeona wanaoahidi Turkana itapewa la saba. Kwa sensa ya 2019 kigezo ni kama 164,015. Gawanya 926,976 kwa hicho unapata 5.65. Nchi nzima imeongezeka haraka kuliko sisi tulivyohesabiwa kuongezeka. Maeneobunge ni 290 na Katiba imefunga hapo, la kwetu jipya lazima litoke kwa mtu. Kwa hiyo 6 tunaweza kuyatetea. La saba ni maneno ya mkutano wa hadhara.

Kinachoweza kubadilika ni mistari ya ndani. Kaunti ndogo za sensa ya 2019, ambazo zinakaribiana na maeneobunge, zinaonyesha hivi: Magharibi 239,627, bado juu ya kikomo. Kati 185,305. Kusini 153,736. Mashariki 138,526, imepanda kutoka 90,466. Loima 107,795, imeshuka. Kaskazini pamoja na Kibish 101,987, imeshuka pia, na iko juu kidogo tu ya kikomo cha chini ambacho ni 98,409. Mtu akichukua kalamu ili kusawazisha, itabidi asukume mpaka wa Magharibi kuelekea Kaskazini au Loima. Kusini na Mashariki kwa hesabu ya watu ziko sawa, hakuna sababu ya kuziguswa. Kwa hiyo yeyote atakayeanza kusukuma mpaka wa Lokichar na Lokori kwa jina la "kusawazisha idadi", mwulizeni idadi gani.

Swali lililokuja sana kwenye inbox: nitajuaje kura za wadi yangu kwa kweli? Usitumie ramani ya kaunti. Kila kituo kina Fomu 34A ya urais, na 2022 tume iliziweka wazi mtandaoni kutoka vituo zaidi ya 46,000. Chukua vituo vya wadi yako, jumlisha kimoja kimoja. Nimefanya hivyo kwa Katilu, ni kazi ya jioni mbili na chai. Utaona kituo kimeenda huku na jirani yake kimeenda kule, ndani ya wadi moja. Ile rangi moja ya kaunti haionyeshi hilo.

Kuhusu tarehe: mapitio ya mipaka lazima yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu ili yatumike. Uchaguzi ni Agosti 2027. Yasipokamilika kufikia Agosti 2026, wadi zetu zote 30 zinapiga kura kwa mistari ya Machi 2012. Tume ikitangaza mipaka mipya, asiyeridhika ana siku 30 tu za kwenda mahakamani, na mahakama ina miezi 3 ya kuamua. Vikao vya maoni vikija Lokichar au Lodwar, peleka karatasi iliyoandikwa, na uandike majina ya vijiji na visima kama yanavyoitwa na watu wa hapo. Wanaochora hawajawahi kufika Nakukulas.